Droo za ofisini: zifunge vizuri, zikubali ufunguo, zisimwangushie mtu kabati

"Fundi, droo haifungi." Simu nyingi ninazopigiwa kutoka maofisini huanza hivyo. Nikifika nakuta imeshasukumwa kwa goti, imeshapigwa teke, na wakati mwingine imebanwa kwa selotepu kusubiri siku nitakapopatikana. Wazee wetu waliiita droo mtoto wa meza, na jina hilo nalipenda kwa sababu mtoto akilia ana sababu, na kumziba mdomo hakumponyi.

Mwongozo huu ni wa mtu wa ofisini mwenye bisibisi na saa moja ya nafasi, au fundi kijana anayeanza kupewa kazi za samani za ofisi. Nina ombi moja tu: usikitoe wala kukilazimisha kitu ambacho hujajua kazi yake. Vyuma vidogo vingi vilivyomo ndani ya kabati la ofisi vimewekwa ili kumlinda mtu, na ndivyo vya kwanza kulaumiwa droo ikikwama.

Kwanza kabati, halafu droo

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja baada ya kabati la chuma la droo nne kumlalia mhudumu. Alikuwa anatafuta faili. Alifungua droo ya juu, hakuona, akaiacha wazi, akafungua ya pili. Kabati likainama mbele pamoja naye. Meza iliyokuwa karibu ndiyo iliyolizuia, vinginevyo lingemfunika. Alitoka na mkono uliochubuka kuanzia kiwiko mpaka kiganja. Nilipolichunguza kabati lile nikakuta fito nyembamba ya chuma imewekwa juu yake ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na skrubu zake mbili. Fundi aliyetangulia aliitoa kwa sababu "inakwamisha droo".

Fito ile ndiyo inayozuia droo mbili zisifunguke kwa pamoja. Ukitaka kujua kwa nini ina thamani hiyo, fanya hesabu ya karatasi. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina karatasi 500, uzito wa karibu kilo 2.5 na unene wa karibu sentimita 5. Droo ya mafaili yenye urefu wa ndani wa sentimita 55, ikijazwa barabara, inabeba karatasi za kama rimu 11, yaani zaidi ya kilo 27. Ivute mpaka mwisho na kilo zote hizo zimetoka nje ya miguu ya kabati, zinaning'inia mbele. Kabati lenye mzigo chini litahimili droo moja. Ukiongeza ya pili una zaidi ya kilo 54 hewani, na mwenye kabati amesimama hapohapo zitakapoangukia.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hili. Toa mafaili ya droo mbili za juu. Mwombe mwenzako ashike kabati kwa ubavuni, si kwa mbele. Fungua droo ya juu mpaka mwisho, kisha vuta ya pili. Kabati lenye kinga nzima litaikatalia palepale, au litairuhusu isogee upana wa kidole na kuisimamisha. Rudia kwa kila droo: fungua ya pili ujaribu ya tatu, fungua ya nne ujaribu ya kwanza. Zikifunguka mbili kwa pamoja, kinga imetolewa, imepinda au haikuwapo tangu mwanzo. Makabati mengi ya bei nafuu hayana kabisa, na hayo hayana dawa nyingine ila kufungwa ukutani, jambo nitakalolifikia.

Ndani, kinga yenyewe ni rahisi kuielewa ukiichungulia kwa tochi ya simu. Ubavuni mwa kabati, kutoka juu hadi chini, kuna fito ndefu au vipande vifupi vilivyopangana kwenye mfereji. Kila droo ina ulimi mdogo. Droo ikitoka, ulimi unasukuma fito na nafasi ya droo nyingine inazibwa. Ikirudi mpaka mwisho, fito nayo inarudi.

"Mpaka mwisho" ndilo neno la kushika hapo. Siku utakayokuta droo zote zimegoma, usichukue nyundo. Mara nyingi kuna droo moja ambayo haijaingia kabisa, imebaki milimita chache nje, na kabati linaamini bado iko wazi. Sukuma kila moja kwa kiganja, kwa nguvu ya kawaida, kuanzia ya juu kushuka chini, kisha jaribu tena. Angalia pia kama ufunguo umebaki nusu mzunguko. Nimewahi kuvuka jiji lote na foleni zake kwenda kufanya kazi hiyo ya sekunde tano, na mtu wa masjala angeweza kuifanya mwenyewe.

Halafu panga mzigo upya. Mafaili mazito na yaliyofungwa yakae droo ya chini kabisa, yanayotumika kila siku yakae katikati, juu kuwe na vitu vyepesi. Unapojaza kabati tupu anza chini. Unapolihamisha anza kutoa juu. Ukiinuka kwenda kutoa fotokopi, funga droo ya chini kwanza. Droo ya chini iliyoachwa wazi ndiyo inayowakata watu miundi, hasa anayepita amebeba boksi na haoni miguu yake.

Droo inayofunguka yenyewe

Hii watu huilaumu reli, kumbe kabati limeinama. Weka pima maji juu ya kabati, kwanza kutoka nyuma kuja mbele, kisha kutoka kushoto kwenda kulia. Kama huna, weka kalamu ya duara juu yake uone inabingirikia wapi. Kabati likiinamia mbele, droo itatoka. Likiwa limepinda upande, fremu inakaa mshazari, droo inasugua upande mmoja, na ile kinga ya fito haikutani na ndimi zake. Sakafu za vigae zisizo sawa zimeharibu droo nyingi kuliko watumiaji.

Makabati mengi yana miguu ya kuzungusha. Ipandishe ya mbele kidogo mpaka kiputo cha pima maji kielekee mbele kwa nywele tu. Pasipo miguu, tumia vipande vya plaiwudi vilivyokatwa vizuri. Karatasi zilizokunjwa hazifai, kwa sababu mdekio ukipita zinalowana na mwezi ujao uko palepale.

Zile kabati ndogo za magurudumu zinazokaa chini ya meza zina jambo lao. Nyingi zina magurudumu manne, na jingine la tano, dogo, limejificha chini ya uso wa droo ya chini. Droo ikitoka, gurudumu hilo linatoka nayo na kuishikilia kabati isipinduke. Likivunjika, watu huona ni kitu kidogo na kulitupa. Lirudishe. Na ikiwa magurudumu ya mbele yana breki, zikanyagwe muda wote kabati linapokaa mahali pake.

Jua reli uliyonayo

Meza za zamani, za mninga na mkongo, ambazo bado zipo kwenye ofisi nyingi za serikali, hazina reli ya chuma. Mbao inateleza juu ya mbao. Masika ikifika mbao hunywa unyevu, huvimba, na droo inakwama. Kiangazi inalegea tena. Usikimbilie randa mwezi wa Aprili, maana ukiparua sana, Agosti droo itacheza kama jino bovu. Paka chaki ubavuni mwa droo, isukume ndani, itoe, uangalie pale chaki ilipofutika. Hapo ndipo panaposugua. Piga msasa hapo tu, kisha sugua mshumaa mkavu kwenye njia yote. Mafuta ya kupikia na oili usiyaweke: yananywewa na mbao, yanashika vumbi, na baada ya muda yanakuwa gundi.

Reli za magurudumu ni zile za bati lililopakwa rangi, mara nyingi nyeupe, zenye gurudumu la plastiki kila upande. Zinafaa droo ndogo ya kalamu na mihuri. Hazitoki mpaka mwisho, nyuma ya droo hubaki ndani, na gurudumu likishapasuka hakuna cha kutengeneza, nunua mpya. Kuitoa droo yake, ivute mpaka ikwame, inua uso wake juu, na itatoka.

Reli za beringi ndizo zilizojaa maofisini sasa. Ni chuma cha kung'aa chenye vipande vitatu vinavyoingiana, na kati yake kuna gololi ndogo zilizopangwa kwenye kishikizo. Pea ya kawaida yenye kimo cha milimita 45 hubeba kati ya kilo 35 na 45, ikiwa imefungwa sawasawa na skrubu zake zote zipo. Kumbuka ile droo ya kilo 27. Ukiweka reli ya magurudumu hapo umejitafutia kazi ya marudio.

Kuichomoa droo ya beringi bila kumwaga gololi

Hapa niende taratibu, kwa sababu hapa ndipo reli nzima nyingi zinapofia mikononi mwa watu.

Toa vitu vyote vilivyomo. Vuta droo mpaka mwisho. Tazama pembeni, kwenye reli iliyoshikana na droo, utaona kiulimi cheusi cha plastiki upande wa kulia na kingine kushoto. Siri yake ni kwamba havielekei upande mmoja: kimoja kinabonyezwa juu, kingine chini, kwa kuwa reli zote mbili ni kitu kilekile kilichogeuzwa. Bonyeza vyote viwili kwa wakati mmoja na uvute droo kwako, moja kwa moja, bila kuiinua. Itatoka na kipande chake cha ndani. Vipande vingine viwili vitabaki kabatini.

Sasa safisha. Futa grisi ya zamani kwa kitambaa kikavu. Utashangaa ilivyo nyeusi, na ndani yake utakuta pini za stepla, nywele na vumbi la karatasi. Pini moja ya stepla inatosha kuizuia droo isifunge. Paka grisi nyepesi kidogo, kiasi cha punje ya mchele kila upande, kisha sogeza reli mbele na nyuma ienee.

Kurudisha ndiko kunakohitaji subira. Kabla ya kuingiza droo, vuta kile kishikizo cha gololi mpaka mbele kabisa ya reli, pande zote mbili. Kikibaki nyuma, kipande cha droo kitaingia bila gololi, kitakutana nacho katikati, na ukisukuma kwa nguvu kishikizo kitapinda na gololi zitamwagika sakafuni kama dengu. Kikishakuwa mbele, shika droo ikiwa sawa, elekeza ncha zote mbili kwa pamoja, isukume polepole. Utahisi ugumu kidogo, kisha mlio wa tak, kisha itateleza. Ugumu ukiwa wa upande mmoja tu, itoe uanze upya. Fungua na funga mara tatu kabla ya kurudisha mzigo.

Ukiona vishimo vya skrubu vimelegea kwenye chipubodi, kukaza zaidi hakusaidii. Jaza shimo kwa njiti za kiberiti zilizolowekwa gundi ya mbao, kata usawa, acha mpaka kesho yake, kisha rudisha skrubu. Kama ubao umevunjika kabisa, hamishia skrubu kwenye matundu mengine ya reli. Reli huja na matundu ya ziada kwa ajili ya hali kama hiyo.

Ukifunga reli mpya

Dukani Kariakoo utaulizwa inchi: 14, 16, 18, 20. Pima kina cha kabati kwa ndani na uchukue reli fupi kuliko kina hicho, isiegemee nyuma. Kila reli ya beringi ya kawaida ina unene wa milimita 12.7, kwa hiyo boksi la droo liwe jembamba kuliko nafasi ya kabati kwa milimita 26 hivi. Nafasi ikiwa milimita 400, boksi liwe 374. Pima mbele, katikati na nyuma. Kabati lililotengenezwa haraka hupishana, na droo hufuata pale palipobana zaidi. Boksi likiwa jembamba kupita kiasi, weka kipande cha kadibodi ngumu nyuma ya reli. Likiwa pana, hakuna ujanja, libomoe uliunde upya.

Skrubu ya milimita 16 yenye kichwa bapa inatosha ubao wa milimita 18. Kichwa kikichomoza, gololi zitakigonga kila siku. Anza na matundu marefu, yale yanayokuruhusu kupandisha, kushusha na kusogeza. Jaribu droo, rekebisha, na droo ikikaa vizuri ndipo ufunge yale ya duara ili isihame tena.

Reli zinazojifunga polepole zina springi na silinda ndogo ya kupunguza kasi. Kuna kidude cha plastiki kinachodakwa na pini droo inapokaribia mwisho, kisha springi inaivuta taratibu. Kidude hicho kikijifyatua droo ikiwa nje, droo itasimama sentimita nne au tano kabla ya kufunga, au itagonga kwa kishindo. Wengi hununua reli mpya. Wewe sukuma droo kwa nguvu mara moja mpaka ndani, kidude kitajishika upya. Kikikataa, itoe droo na ukivute kidude mbele kwa ncha ya bisibisi mpaka kilie. Zile za kubonyeza ili zifunguke, zisizo na mkono, mimi sizipendi ofisini: zinahitaji mwanya wa milimita kadhaa nyuma ya uso wa droo, na mtu akiegemea kwa nyonga droo imefunguka.

Vitasa

Kitasa cha droo moja ni silinda yenye ulimi nyuma unaozunguka na kujificha nyuma ya ubao. Kikizunguka bila kufunga, nati inayoshika ulimi imelegea. Ifikie kwa nyuma uikaze. Ufunguo ukiwa mzito, usimimine oili, inakusanya vumbi ndani. Kwaruza risasi ya penseli ipate unga, upake kwenye meno ya ufunguo, uingize na kutoa mara kadhaa.

Kitasa kimoja cha droo zote kinafanya kazi tofauti. Ukizungusha ufunguo, fito inapanda au kushuka nyuma au ubavuni, na kila droo ina pini inayonaswa nayo. Droo isiyokuwa imefunga kabisa wakati wa kuzungusha itaachwa nje ya mtego: utaisukuma baadaye, itaonekana imefungwa, lakini yeyote ataivuta. Kwa hiyo funga zote, zungusha, kisha vuta kila moja kwa mkono. Ofisi yenye mafaili ya wafanyakazi, wagonjwa au wateja haina ruhusa ya kubahatisha hapo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya mwaka 2019, na droo ni sehemu ya ulinzi huo sawa na nywila ya kompyuta.

Vitasa vingi vina namba usoni. Iandike kwenye daftari la vifaa, kwa sababu kwa namba hiyo fundi wa vitasa au muuzaji anaweza kupata ufunguo mwingine bila kuvunja. Kwa sababu hiyohiyo, usimwachie mtu aipige picha. Ufunguo wa akiba akae nao mtu mwingine, si ndani ya droo ya juu ya kabati hilohilo, ambako ndiko ninakoukuta mara nyingi.

Kufunga ukutani

Kabati la droo tatu au zaidi lishikwe na ukuta, liwe na kinga ya fito au lisiwe nayo. Tumia kona mbili za chuma juu ya kabati, karibu na pembe zake. Kwenye ukuta wa tofali au bloku, toboa, ingiza plagi za plastiki, kaza. Ukuta wa jipsamu pekee haushiki. Gonga utafute nguzo iliyo ndani yake na ufunge hapo. Makabati mawili au zaidi yaliyosimama bega kwa bega yafungwe pia yenyewe kwa yenyewe kwa bolti. Kabla ya kutoboa, toa droo ya juu, maana keekee ikipenya bati inakutana na ile fito.

Kabla sijaondoka hurudisha mzigo halisi, nafungua droo moja moja mpaka mwisho na kuiachia. Inatakiwa ibaki pale ilipo. Kisha naisukuma kwa kidole kimoja. Iende yenyewe, iingie, isirudi nyuma hata milimita. Nazungusha ufunguo na kuvuta zote nne. Droo ya tatu ikikubali kutoka wakati nyingine zimekataa, naitoa na kuitazama pini yake kwa nyuma: mara nyingi imepinda, na inarudishwa kwa koleo.